Nyumba Moja Niliyoiacha Mchungwani

Wajukuu zangu wananicheka kwa jambo moja. Nikialikwa kwa watu nakula mpaka namaliza, na sahani nairudisha nyeupe. Wanasema bibi hana aibu, bibi anakomba sahani kama mtu aliyetoka kwenye njaa. Nawaacha waseme. Mimi nililelewa vizuri kuliko wao. Mama yangu alinifundisha kwamba kwa mtu humalizi. Ukipewa wali unabakiza, ukipewa togwa unaacha kidogo chini ya kibuyu, na ukiruhusiwa kuchuma mboga kwenye shamba la mwenzio unaacha majani ya kuonekana. Nilishika hivyo mpaka nikawa mwanamke mwenye mtoto. Halafu nikaacha, na walionifanya niache ni wadudu.

Tulikaa nje kidogo ya Ifakara, upande wa njia iendayo kwenye kivuko. Ilikuwa miaka ile ya hamsini. Mume wangu alilima mpunga kama watu wote, na maji ya mto yakirudi nyuma alivua kambale na perege kwenye madimbwi yaliyobaki. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye michungwa. Alikuwa na michungwa kumi na minne, aliyoipanda kwa miche ya misheni kabla hajanioa. Nilipoingia pale kama bibi harusi miti ilikuwa imenipita kimo, na miaka miwili baadaye ilianza kuzaa.

Machungwa ya watu wengine yalidondoka yakiwa bado madogo, na yaliyokomaa ukiyamenya ulikuta funza ndani. Ya kwetu yalikuwa masafi. Watu walisema mume wangu ana dawa. Dawa yenyewe waliiona kila siku wakaikimbia, maana ilikuwa chungu wekundu wanaokaa mitini, wale tunaowaita maji moto. Wanaitwa hivyo kwa sababu wakikuuma utadhani umemwagiwa maji kutoka chunguni. Hujenga nyumba zao kwa kuyavuta majani mabichi na kuyashona pamoja, nyumba moja ikiwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto, na mti mmoja unaweza kuwa na nyumba kumi.

Watu wengine wakiwaona huwachoma moto. Mume wangu aliwafuga. Alipasua mianzi akaiweka kutoka mti hadi mti, ili wapite juu bila kushuka chini, kwa sababu chini kuna sisimizi weusi wenye vichwa vikubwa na hao ni maadui zao. Shina la mti alilizungushia majivu sisimizi wasipande. Nilipotumbua samaki alichukua matumbo akayafunga kwenye jani la mgomba na kuyaning'iniza tawini. Nilimwambia kwamba matumbo ya kambale yana mafuta, nayataka kwa mboga. Akasema wale nao wana kazi ya kufanya.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa na ulimi. Kila akija kwetu alisimama pale njiani na kuuliza kwa sauti kama leo amepikiwa mke au wamepikiwa chungu. Siku moja akanisema mimi: "Wifi, wewe nawe jifunze kuuma. Labda utaletewa samaki."

Mume wangu alicheka pamoja na wote waliocheka. Lakini tulipokuwa wawili alinionyesha. Alinionyesha kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, ambaye ukimgusa anatoa pembe mbili nyekundu zinazonuka. Huyo hula majani mapya. Alinionyesha mdudu wa kijani, mpana kama ngao, anayechoma chungwa changa mpaka lidondoke, na yule nzi anayetaga ndani yake. Akanionyesha jinsi chungu wanavyowakamata, watano huku na watano kule, wakiwavuta mpaka wachanike. Alikuwa mtu mpole, lakini jambo lile alilitazama kwa furaha.

Chungu wale aliwatoa Mchombe, kwa shangazi yake, akawabeba kichwani siku mbili. Aliniambia hayo zaidi ya mara moja, na kila mara alimalizia vilevile. Ukiwahamisha chungu hawa, chukua nyumba zote za mti ule. Usiache hata moja. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni ukali wake tu wa kazi, maana alikuwa mtu wa namna hiyo, hata jembe alitaka lilazwe upande aliousema yeye.

Akafa kwa kichomi. Alirudi kutoka mtoni jioni akiwa anatetemeka, na siku ya nne tukamzika. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, msichana, meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameanza kung'oka.

Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali, nyasi zimekauka. Watu walikuja wengi, wa Mchombe, wa ng'ambo ya mto, na wengine wa Mahenge kabisa. Pale kwetu kivuli kilikuwa kimoja, cha michungwa. Wakatandika mikeka chini yake, na chungu wakaanza kuwashukia. Mzee mmoja aliumwa kwenye kope, jicho likavimba. Watoto walilia. Wanawake waliokuwa wanapika walitupa mwiko wakajikung'uta.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa chini, nimefunikwa kaniki. Wifi akaingia akaniinamia. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya chini, haikuwa na utani.

"Wifi, wageni wanaumwa. Wanataka kuhama waende kukaa juani. Tufanyeje?"

Nikafikiri juu ya wageni waliotembea siku mbili au tatu kuja kumlilia mume wangu, halafu wakae juani. Nikamwambia, "Chomeni."

Ndivyo nilivyosema, neno moja. Nikasikia vijana wanafunga nyasi kwenye fito ndefu na kuwasha. Nyumba zile zikiungua zinatoa mlio kama chumvi iliyotupwa motoni, na harufu yake inachoma pua kama siki. Nilikaa nikasikia mlio ule mchana kutwa. Mianzi pia waliishusha, wakaifanya kuni. Mpaka leo hakuna mtu ninayeweza kumlaumu, kwa sababu waliniuliza nikajibu.

Tulipoondoa tanga, wazee wa ukoo walikaa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na mke wa ndoa ya kanisani, na hakuna aliyetamka habari za kunirithi. Alizungumza na mimi mbele yao, polepole, bila ubaya. Alisema miti ile ni ya mdogo wake, na jina la mdogo wake liko pale. Nikiitunza ikazaa, mimi ni mke wa nyumba ile mpaka nife, na hakuna wa kunigusa. Ikinishinda, basi nitarudi kwa baba yangu Malinyi, na shamba litachukuliwa na ukoo. Mtoto hakumtaja. Hakuna aliyehitaji kumtaja. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na mama akirudi kwao harudi na mtoto. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Nikasema nimesikia. Michungwa kumi na minne ilikuwa imezaa mbele ya macho yangu mwaka hata mwaka. Sikuona ugumu.

Mvua za kwanza zikaja, miti ikatoa majani mapya na maua, na viwavi wakaja pamoja nayo. Mimi na mwanangu tulipita mti hadi mti asubuhi tukiwaminya kwa vidole. Mikono yetu ilinuka mpaka chakula hakikulika. Yeye alihesabu kwa sauti, na akifika ishirini anarudi moja, maana zaidi ya hapo alikuwa hajui. Tukiwamaliza leo, kesho wapo. Machungwa yalipofika ukubwa wa gololi, wadudu wa kijani wakaingia, na asubuhi moja nikakuta chini pamejaa kama mtu amemwaga kunde. Yaliyobaki mtini nayo hayakuwa na faida. Mwezi wa sita niliyamenya moja moja, na kila moja lilikuwa na funza.

Pale kwenye kivuko watu walisema marehemu ameondoka na machungwa yake. Wengine walisema mkono wangu ni mkavu. Shemeji alikuja, akachukua chungwa moja, akalipasua kwa kidole gumba, akalitupa. Hakunitazama. Akasema, "Nakupa msimu mwingine, shemeji. Baada ya huo sitaweza kuwaambia wazee kitu."

Hapo ndipo nilipokubali moyoni kwamba nilichochoma siku ya msiba hakikuwa uchafu wa mtini. Kwa majirani maji moto walikuwepo, lakini juu ya miti mirefu ambayo mwanamke hapandi. Nikaamua kwenda palepale mume wangu alikowatoa. Mwezi wa tisa, mwaka mmoja baada ya mazishi, nikamwacha mtoto kwa wifi, nikachukua magunia mawili na kufuata njia ya Mlimba mpaka Mchombe.

Shangazi wa marehemu alikuwa mzee sana, macho yake yameingia ukungu. Nilimpigia magoti, nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunipapasa uso ajue ni nani. Tulilia kwanza. Baada ya hapo nikamweleza shida yangu yote, pamoja na mtoto. Alikuwa na mchungwa mmoja mfupi nyuma ya jiko, nao ulikuwa na maji moto.

"Chukua wote, mkamwana," akaniambia. "Mimi sina tena kazi nao. Nikienda kuchuma siwaoni, wao wananiona."

Alfajiri, wakati chungu wangali ndani ya nyumba zao kwa ajili ya baridi, nikajipaka majivu mikononi na shingoni, nikachukua panga na ufito mrefu wenye ngoe ya kuvutia matawi. Nilizihesabu nyumba, zilikuwa tisa. Nikakata tawi la kwanza, nikaliingiza guniani upesi, nikafunga. Nikakata la pili. Waliniuma hata hivyo, majivu au hapana. Nikafika nane. Ya tisa ilikuwa juu kabisa, kubwa kuliko zote, majani yake mapana na mabichi. Ngoe ilifika. Sisemi uongo, niliiweka kwenye lile tawi, nikalivuta kidogo likainama.

Nikaliachia.

Niliona mti wa yule mzee unabaki mtupu, mti wa mtu aliyenipa mahali pa kulala na kunipikia kuku wake. Nikaona mama yangu ananitazama. Utaingia kwa mtu, uchukue kila kitu, usiache hata cha kuonekana? Nikajiambia nyumba nane zinatosha, na hii ni yake mwenyewe.

Shangazi alisikia nimenyamaza. Alikuwa amekaa mlangoni pa jiko.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Zote?"

Nikasema zote. Ningesema nimekuachia moja, angenilazimisha niichukue, na mimi ningekataa, na tungekaa pale tukibishana kwa heshima mpaka jua lipande. Kwa hiyo nikamdanganya. Nilidhani ni uongo mzuri.

Nikabeba magunia yale siku mbili, moja kichwani na moja mgongoni. Nilikolala njiani niliyaning'iniza kwa kamba niliyoipaka majivu, sisimizi wasiyaingie. Nilifika nyumbani shingo imevimba kama ya mtu mwenye matubwitubwi. Wifi aliponiona akashika kiuno. Akasema, "Kumbe mdogo wangu hakufa, amebadilisha sura tu." Akaniwekea maji ya kuoga, na jioni aliniletea matumbo ya samaki kwenye jani bila mimi kumwomba.

Nilizifunga nyumba zile katikati ya miti, nikapasua mianzi mipya nikaiweka. Siku ya kwanza chungu walitembea ovyo. Siku ya tatu wakaanza kujenga. Wanashikana viuno, mmoja nyuma ya mwenzake, mnyororo mzima unavuta jani mpaka likutane na jani lingine. Mwanangu alikaa juu ya kinu akiwatazama kutwa. Akaniita. Aliona jambo ambalo mimi na miaka yangu yote sikuwahi kuliona, kwamba chungu mkubwa anamshika mtoto wao mdomoni, yule mweupe kama punje ya mchele, anampeleka huku na huku, na uzi unamtoka yule mtoto unashika majani.

"Mama," akasema, "wanashona kwa mtoto."

Msimu ule ulianza vizuri kuliko wakati wa baba yake. Maua yalishika. Viwavi walipokuja hawakumaliza siku moja. Mwezi wa kwanza shemeji alikuja, akapita chini ya mti wa njiani, chungu mmoja akamwangukia shingoni. Aliruka, akajipiga, halafu akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Ni haohao wa mdogo wangu," akasema. "Wananijua." Akashika chungwa changa, akalipima kwenye kiganja, akaondoka bila neno la msimu. Usiku ule nililala vizuri.

Ilikuwa mwezi wa pili nilipoona nyumba moja imekuwa ya kahawia. Sikujali, kwa sababu nyumba ikizeeka huhama wakashona nyingine. Lakini hawakushona nyingine. Ikafuata ya pili, na ya tatu. Ile misafara ya kwenye mianzi ikawa myembamba. Niliwaongezea matumbo ya samaki, na yalioza kwenye majani yake, nzi wakajaa. Nikachukua kijiti nikafungua nyumba moja kuona ndani kuna nini. Hapakuwa na watoto wale weupe. Palikuwa na chungu wakubwa wachache, wazito, wanaotembea kama wagonjwa. Mmoja akapanda kidoleni kwangu, hakuniuma.

Kilichofuata nilikuwa nimeshakiona mwaka uliopita. Wadudu wa kijani waliingia, asubuhi chini pamejaa. Mwanangu aliyaokota, akayapanga kwenye mistari, akaniuliza kama baba angekuwepo angefanyaje. Nikamkaripia.

Njia ya Mlimba ilikuwa chini ya maji, mbuga yote ilikuwa imejaa. Nilingoja mpaka mwezi wa tano, nikapita kwenye matope yanayofika magotini, nikaenda Mchombe tena. Sikujua nakwenda kuuliza nini. Nilipozunguka nyuma ya jiko la shangazi nikasimama. Ule mchungwa mfupi ulikuwa umejaa. Nyumba kumi na mbili, kumi na tatu, mbichi zote, na chungu wanapanda na kushuka kama watu siku ya gulio.

Shangazi alitoka akijishika ukutani. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akasema kabla sijafungua mdomo.

"Uliacha moja."

"Niliacha, shangazi. Ile ya juu kabisa."

"Mama yao alikuwa humo." Akapapasa kiti akakaa. "Hawa nyumba zao ni nyingi lakini mama ni mmoja. Yeye ndiye anayezaa. Ukichukua nyumba zote bila yeye, umechukua watu wa kuzeeka tu. Mume wako hakukwambia?"

"Aliniambia nisiache hata moja. Hakuniambia sababu."

"Na mimi nilikuuliza zote, ukasema zote."

Nikamwambia ukweli. Niliogopa kuonekana mlafi. Niliona vibaya kuuacha mti wake mtupu, na yeye alinichinjia kuku.

Nilidhani atanionea huruma. Akasema, "Mimi nilikwambia chukua wote. Adabu ilikuwa kufanya nilivyokwambia."

Asubuhi yake nilikata zote. Nilipanda kwenye kinu kufikia za juu, na mti niliuacha mtupu kabisa, nikauzunguka mara mbili kuhakikisha. Magunia yalikuwa matatu, na mpwa wake alinisaidia kubeba moja hadi nusu ya njia.

Nilipofika nyumbani wazee walikuwa wameshakaa. Hawakuningoja, na kwa nini wangoje? Machungwa yalikuwa chini. Shemeji alinikuta nafungua magunia, na akaniambia nimalize mwezi huu halafu niende. Katika maisha yangu sijapata kuomba sana watu. Siku ile niliomba.

"Shemeji, nipe msimu mmoja tu. Safari hii wapo wote, na mama yao yumo."

"Shemeji, mwezi wa kwanza mimi mwenyewe niliona wapo. Nikawaambia wazee wapo." Alikuwa amechoka, si kwamba alikuwa na hasira. "Nitarudi kwao niwaambie nini sasa? Kwamba chungu walikuwa hawana mama?"

Nilijua lingesikika hivyo. Hata mimi nilipolisikia kinywani mwake lilikuwa kama maneno ya mtu aliyechanganyikiwa.

Nilizifunga nyumba zile mitini hata hivyo. Wifi alikuwa amesimama pale akinitazama, akaniuliza namwekea nani, na mimi naondoka. Nikamwambia namwekea mwanangu. Yeye akanishikia ngazi. Siku zilizobaki nilimfundisha mtoto. Nilimwonyesha mianzi inavyowekwa na majivu yanavyozungushwa. Nikamwambia wifi mbele yake kwamba matumbo ya samaki katika nyumba ile si ya mboga, na kwamba nyumba hizi zisichomwe, hata nikifa mimi na watu wakaja wa kutoka pande zote, zisichomwe. Wifi akasema amesikia. Alikuwa mwenye ulimi lakini akisema amesikia, amesikia.

Siku ya kwenda kwenye kivuko mtoto hakulia. Alikuwa chini ya mti wa njiani ana jani la mgomba mkononi, lina matumbo ya perege, anangoja mtu wa kumnyanyua alifunge tawini. Nikamnyanyua. Alifunga fundo polepole, ulimi nje, pale meno mapya yalipokuwa yanatokeza. Chungu walimuuma mkononi na hakuliachia. Nilipomweka chini akajikuna akaniuliza kama Malinyi ni mbali kuliko Mchombe. Nikasema ni mbali zaidi, na kuna mto. Nikabeba mzigo wangu.

Miti ilizaa. Nilisikia kwa watu waliovuka mto, msimu uleule waliokataa kunipa. Machungwa yalikuwa mengi hadi matawi yakawekewa nguzo. Shemeji, nasikia, aliwaambia wazee kwamba alinihukumu mapema. Lakini mimi nilikuwa nimeshaposwa tena huku, na ukoo haurudishi nyuma neno lililokwisha semwa. Nilizaa wavulana wanne, wote wazuri. Yule msichana niliruhusiwa kumwona mara mbili kabla hajaolewa.

Alikuja mwenyewe alipokuwa mtu mzima, mtoto mgongoni, kapu kichwani. Alipiga magoti pale mlangoni akaniamkia shikamoo, vizuri sana, kwa sauti ile tunayowaamkia wazee wa watu wengine. Nikamwitikia. Sikujua nimkalishe wapi. Kapu lilikuwa la machungwa, masafi, hakuna hata moja lenye tundu, na mikononi alikuwa na madoa madogo ya kuumwa, mapya na ya zamani.

Nilimuuliza habari za wifi, akasema yupo, amezeeka, na bado anagombana na watu kwa ajili ya matumbo ya samaki. Tulicheka kidogo. Nikaanza kutoa machungwa kapuni, nikafika karibu na chini, mkono wangu ukaacha matatu wenyewe, kwa mazoea ya nyumba niliyolelewa.

Akayaona. Akasema, "Chukua yote, mama."

Nikayachukua yote.